Artichoki Mbele ya Mvinyo

Kule kijijini Fontarada mtu akisema "yule wa artichoki" hakuna anayeuliza ni nani. Ni Abilio Lizarbe, mlinzi wa zamani wa mifereji ya maji, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoanza kuinama, ambaye tangu astaafu huonekana zaidi kwenye bustani yake ya kando ya mto Ebro kuliko nyumbani kwake. Mboga yenyewe haina sura. Ni tumba la kijani lililofumbwa kama ngumi, gumu kwa nje, na asiyejua kulimenya hubaki akitafuna nyuzi. Lakini mwezi wa nne, Abilio alipokwisha kuyavua matumba hayo majani mpaka kwenye moyo, akayachemsha kidogo na kuyamalizia kwenye mafuta ya zeituni na vipande vya nyama kavu ya nguruwe, hata watu waliokuwa wamegombana walikaa meza moja.

"Mimi hajawahi kunishika taratibu namna ile," mkewe, Puy, aliwaambia majirani alipomwona akizipanga artichoki kwenye kreti. Abilio alijifanya hasikii, lakini alipenda kusemwa hivyo.

Alikuwa mtu wa sifa chache. Ulinzi wa mifereji haukumletea shukrani. Ukimfungulia mmoja maji, mwenzake anakununia. Alipoanza kupika, akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wakianza kuumwa magoti, ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza watu wakinyamaza kwa sababu yake, kunyamaza kule kwa vinywa vilivyojaa. Aliuzoea ukimya huo haraka.

Alipikia kwenye klabu. Vijiji vingi vya huko vina klabu kama hiyo: nyumba moja yenye jiko kubwa, mahali pa kukokea makaa na meza ndefu, ambamo wanaume hukutana kupikiana. Wake zao hualikwa siku za sikukuu, hukaa wakahudumiwa, na wakitoka hucheka njia nzima. Sheria ni chache, na ile inayoheshimiwa kuliko zote haijaandikwa popote: mpishi wa siku haguswi. Humwambii habari ya chumvi, hufunui sufuria yake, wala humuulizi kwa nini hiki kimetangulia kile. Unakula. Mpaka avue aproni na kuketi nanyi. Akishaketi, hapo kila mtu ana ulimi.

Sasa, Teodosio Marcilla, aliyeketi naye dawati moja tangu wakiwa wadogo, alikuwa fundi wa mvinyo wa ushirika wa wakulima wa zabibu. Maisha yake yote alitengeneza mvinyo mwekundu wa bei ya chini ambao lori la tangi huja kuufyonza na kuupeleka kusikojulikana, ukachanganywe na mwingine na kuuzwa kwa jina la watu wengine. Uliobaki kijijini ulinywewa kutoka kwenye madumu. Hakuna aliyewahi kuona jina la Fontarada kwenye chupa. Mavuno ya mwaka uliotangulia yalikuwa ya mwisho kwa Teodosio kabla ya kustaafu, na safari hii zabibu za mizabibu mizee ya kilimani, ile ya kwenye mawe ambayo ushirika ulitaka kuing'oa kwa kuwa inazaa kidogo, alizitia kwenye tangi la peke yake. Aliomba jambo moja tu. Akimpata mtu wa kuuza mvinyo huo kwenye chupa, kwa jina la kijiji, mizabibu ibaki. Asipompata, tangi lifyonzwe mwezi wa tano kama mengine, na trekta lipande kilimani kuing'oa.

Alimpata Andoni, mwenye duka la mvinyo katika mji wa San Sebastián, pwani, duka la watu wanaonunua chupa wakitoka kazini bila kufikiri sana. Andoni alimwambia kwenye simu kwamba yeye hanunui mvinyo wa kusimuliwa, anataka kuuonja ukiwa na chakula. Wampe mvinyo wao na chakula chao, ataamua mezani.

Kwa hiyo Teodosio alikwenda bustanini kwa Abilio na chupa isiyo na lebo.

"Shika hii," alisema. "Uionje nyumbani, umetulia. Halafu uniambie tule nini. Mimi nimefikiria mbavu za mwanakondoo, kwenye makaa ya vijiti vya mizabibu."

"Mbavu zitakuwepo. Wasiwasi wa nini?"

"Sina wasiwasi. Ila huu sio ule tunaokunywa kila siku, Abilio."

"Bwana wee, mvinyo wako nimeunywa tangu una nywele."

"Huu hujaunywa."

"Haya, haya. Nitauonja."

Teodosio hakuondoka mara moja. Alisimama akiyashikashika majani makubwa ya kijivu ya artichoki. "Zimetoka vizuri mwaka huu," alisema, kwa adabu tu, kama mtu anavyosifia mtoto wa mwenzake.

"Hazijawahi kutoka hivi," Abilio alijibu, na hapo hapo chakula cha siku ile kikawa kimeamuliwa.

Chupa aliiweka kwenye rafu ya jikoni kwake, nyuma ya siki. Hakuifungua siku hiyo wala siku zilizofuata. Hakuwa na nia mbaya. Alijiambia kwamba mvinyo wa ushirika anaujua, amelelewa nao. Labda pia alijua kwamba akiufungua utamkataza kupika artichoki.

Maana kila mtu Fontarada analijua jambo hili, hata kama halisemi: artichoki na mvinyo havikai kinywa kimoja. Mboga ile hugeuza ulimi. Maji ukiyanywa juu yake huwa matamu kama yametiwa sukari, na mvinyo mwekundu huwa kama umelamba ufunguo. Ndiyo maana pale klabuni sahani ya artichoki inapofika, glasi huachwa. Watu hula, hupangusa mafuta kwa mkate, hutafuna mkate mwingine, wakapiga soga, na baadaye sana, nyama inaponukia, mikono huzirudia glasi. Hakuna aliyefundishwa. Abilio alihesabu kwamba itakuwa hivyo: kwanza artichoki zake, kidogo tu, ili mgeni ajue yuko wapi, kisha mkate, kisha nyama na mvinyo wa Teodosio. Hakukumbuka kwamba mgeni hakulelewa pale.

Siku yenyewe Andoni alichelewa. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Ilikuwa apitishwe kwanza kwenye matangi, lakini watu walikuwa na njaa na makaa yalikuwa tayari, wakaona bora wale kwanza. Alikaribishwa kiti cha katikati, Teodosio akakaa mkabala naye, amevaa shati jipya ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Mvinyo ulimiminwa. Na Abilio akatoka jikoni na sahani yake ya artichoki.

Alimwona Teodosio akiitazama ile sahani. Uso wake haukukunjamana wala haukubadilika, macho tu yalipanda taratibu kutoka kwenye sahani mpaka kwenye aproni ya Abilio na kuishia hapo. Akafungua kinywa, akakifumba. Mpishi wa siku haguswi. Alichukua uma.

"Jamani," alisema Andoni baada ya tonge la kwanza. "Jamani, hiki ni nini?"

"Ni uzee wake," alisema Sabino kinyozi, mwenye maneno kuliko wote pale. "Ujana alimpa Puy, hakubakiza kitu."

Watu walicheka, Andoni naye akacheka, na akiwa bado anacheka, kinywa kimejaa mafuta na ule utamu mchungu wa artichoki, akanyanyua glasi akanywa.

Wengine wote walikuwa wameziacha glasi zao. Abilio aliyaona hayo akiwa mlangoni mwa jiko: safu ya glasi zilizojaa ambazo hakuna mkono uliozikaribia, na moja tu iliyo hewani. Andoni alisita. Alinusa, akanywa tena, safari hii polepole, akiuzungusha mdomoni kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Kisha akaiweka glasi chini.

"Mvinyo safi," alisema kwa upole. "Una chuma kidogo, sijui. Kwa kupikia ungefaa sana."

Teodosio aliitikia kwa kichwa. "Ndivyo ulivyo," alisema.

Abilio alirudi jikoni. Mbavu zilikuwa zikichuruzika mafuta kwenye makaa na moshi wa vijiti ulikuwa umejaa chumbani. Karibu na beseni kulikuwa na chupa iliyofunguliwa. Alijimiminia kidogo, akachukua ubavu mmoja kwa vidole, akauuma, akanywa.

Ulikuwa na harufu ya kilima kile. Hakujua namna nyingine ya kulisema: majani makavu yanayonukia ukiyakanyaga saa za jua kali, na jiwe la moto, na chini yake matunda meusi yaliyoiva mpaka karibu kupasuka. Haukuwa mvinyo wa majivuno. Ulikuja wote mara moja, bila kuficha kitu. Mafuta ya nyama yalipokuwa yamelala ulimini, ukakasi wake uliyashika na kuyaondoa, ukaacha kinywa kikitamani tonge jingine. Aliuma tena, akanywa tena. Nyama ikawa tamu zaidi, na mvinyo ukawa laini kama umekaa miaka. Akaelewa kwa nini Teodosio alisimama bustanini muda mrefu vile, akiwa hajui ampembeleze vipi mtu mzima aonje.

Kulikuwa bado na nafasi. Mpishi ndiye mwenye amri. Angeweza kutoka pale na kusema, bwana, tema, tafuna mkate, kosa ni langu, subiri nyama. Wangemcheka mpaka mwaka mwingine, lakini wangesubiri. Alibeba sinia akatoka na maneno hayo mdomoni.

Andoni alikuwa amefunika glasi yake kwa kiganja. "Mimi niletee bia tu, tafadhali," alikuwa akimwambia Sabino. Alipomwona Abilio akainua mikono miwili kama anayesalimu mfalme. "Huyo hapo. Bwana, hizo artichoki nitaziota."

"Karibuni," alisema Abilio, akaweka sinia mezani. "Mle nyama ingali moto."

Hakusema jingine. Baadaye, katika siku zote zilizofuata, hakuweza kujieleza kwa nini. Sifa ile ilikuwa imemfikia kabla hajafungua kinywa, na nafsi yake ikaipokea, kama mkono unavyojikunja wenyewe juu ya kitu ulichopewa.

Andoni alikula mbavu kwa bia. Alipomaliza alitazama saa, akasema giza lisimkute barabarani, matangi atayaona siku nyingine. Teodosio alimsindikiza mpaka garini. Aliporudi, Abilio alikuwa amevua aproni na kuketi, na Sabino alikuwa ameshaanza.

"Nauliza tu, maana mimi ni mtu wa kunyoa ndevu. Kumwekea artichoki mtu aliyekuja kuonja mvinyo, huko si sawa na kumpaka mtu pilipili ndipo umbusu?"

"Ungempa na chaki atafune," alisema mwingine.

"Mwacheni," alisema Teodosio. Alikuwa akikusanya glasi ambazo hazikunywewa, akizimimina moja moja kwenye jagi, bila kumwaga tone. "Artichoki zilikuwa nzuri sana. Mvinyo ndio haukufika."

Sabino alisogeza sahani yake. Abilio alikaa akikitazama kitambaa cha meza. Kama angetukanwa angejitetea. Lakini mwenzake alikuwa ameushusha mvinyo wake, mtoto wake mwenyewe, mbele ya watu ili amfunike yeye, na yeye akakubali kufunikwa.

Nyumbani, Puy alikuwa anatafuta siki ya kachumbari. Alisogeza, akatoa chupa isiyo na lebo, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hii si ndiyo aliyokuletea Teodosio?"

Abilio aliendelea kuvua viatu.

"Ina kizibo chake." Alisubiri. "Hukuionja."

"Nilijua mvinyo wake ulivyo."

"Ulijua." Puy aliiweka chupa mezani, katikati yao. "Basi usizisingizie artichoki, baba. Maskini hazina kosa, zimeota tu."

Wiki zilipita. Abilio alianza kwenda bustanini kwa njia ya mfereji, mzunguko mrefu, ili asipite mbele ya ushirika. Zamu yake ya kupika ilipofika alisema anaumwa mgongo. Artichoki zilizosalia ziliachwa zikafunguka zenyewe na kuwa maua ya zambarau, mazuri, yasiyoliwa, na watu waliopita walidhani amezeeka ghafla. Kila asubuhi alijiambia leo nitakwenda kwa Teodosio, na kila asubuhi aliona aibu ya leo ni kubwa kuliko ya jana, kwa kuwa sasa ilikuwa na siku zote za kutokwenda ndani yake. Puy hakumsukuma. Siku moja tu, akikunja nguo, alisema kama anayezungumza na shuka kwamba mwezi wa tano umeingia.

Asubuhi iliyofuata alipanda basi la Pamplona, na pale akapanda la San Sebastián. Alivaa koti la mazishi kwa kuwa ndilo zuri alilokuwa nalo. Kwenye mfuko alibeba ile chupa, mkate, kipande cha jibini kavu ya kondoo na soseji nyekundu ya pilipili aliyoitengeneza Puy.

Duka lilikuwa jembamba na lenye watu. Abilio alipanga foleni nyuma ya mama mmoja aliyekuwa akitafuta mvinyo wa kunywa na samaki. Zamu yake ilipofika, Andoni alivaa miwani.

"Mzee wa artichoki! Mke wangu ananiuliza kila siku zinapikwaje."

"Ndizo zilizonileta," alisema Abilio. Sauti yake ilitoka ndogo. "Zilikuharibia kinywa. Sisi tukizila hatunywi mvinyo, wewe hukuambiwa. Mimi nilijua nikaziweka. Nilitaka unisifu."

Mama wa samaki, aliyekuwa bado akihesabu chenji, aligeuka kumtazama. Andoni hakucheka. Alimtazama yule mzee aliyevaa koti jeusi, kisha mfuko wake.

"Umeleta nini humo?"

Abilio alikata mkate na jibini juu ya kaunta, kwa kisu chake cha bustani. Andoni alifungua chupa, akala kwanza, akanywa.  Akakata soseji mwenyewe, akanywa tena, akaisukuma chupa kwa yule mama, na mama naye akaonja.

"Mimi huu ningeununua," alisema mama. "Samaki angoje kesho."

"Kumbe kinywa changu kilikuwa kimeharibika siku ile na sikujua," alisema Andoni. "Na yule mwenzako Teodosio hakuniambia kitu. Nilimpigia wiki iliyofuata, nikamuuliza, bwana, una hakika hakukuwa na tatizo? Akasema mpishi hakukosea, mvinyo ndivyo ulivyo." Alikuwa ameshashika simu. Ilipoanza kuita, alimkabidhi Abilio. "Zungumza naye wewe."

Abilio aliishika kwa mikono miwili.

"Ndiyo," ilisema sauti ya Teodosio. Nyuma yake mashine ilikuwa ikinguruma.

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Abilio. Niko San Sebastián. Dukani kwa Andoni."

Mashine iliendelea kunguruma. "Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nimeleta ile chupa uliyonipa. Sikuwa nimeifungua, Teodosio. Chakula kile nilikipika bila kuuonja."

"Najua."

"Unajua?"

"Ungekuwa umeuonja usingepika vile. Wewe ni mpishi." Teodosio alikohoa. "Anasemaje huyo?"

"Anautaka. Anautaka wote."

Abilio akamsikia akipaza sauti mbali na simu, zima, zima hiyo pampu, na ngurumo ikafifia mpaka ikakata.

"Malori yako hapa tangu alfajiri," alisema Teodosio. "La kwanza limeshaondoka. Limebaki nusu ya tangi, labda chini ya nusu. Mwambie hiyo ipo." Akavuta pumzi. "Ungekwenda juzi, ndugu yangu. Ungekwenda hata jana."

"Mizabibu je?"

"Sijui. Nusu tangi ni kitu gani mbele ya kamati ya ushirika. Nitawaambia. Basi lako linarudi saa ngapi?"

"La mchana."

"Basi njoo moja kwa moja huku. Kuna kuosha mabomba, na mimi mgongo wangu ndio unaouma kweli."

Andoni alimfungia jibini iliyobaki kwenye karatasi. Abilio aliiacha kaunta, hakuikumbuka mpaka alipokuwa kituoni, na hakurudi kuichukua.

Kwenye basi alikaa dirishani, kofia magotini. Walipokwisha kushuka milimani na nchi kuanza kuwa tambarare na ya rangi ya udongo, mbele yao, upande wa pili wa barabara, lilitokea lori la tangi, refu, la kung'aa, likipanda taratibu kuelekea kaskazini na mzigo wake. Maandishi ya ubavuni hayakumwambia kitu. Malori ya namna hiyo hupita mengi kila siku, ya maziwa, ya mafuta, ya mvinyo wa vijiji vingine. Abilio aliinamisha kichwa, akaitazama kofia yake mpaka ngurumo ilipopita, na hata ilipokwisha kupita hakuinua macho upesi.